Usiichapishe video hiyo ya ndege ikishuka

Usiichapishe. Umeandika hapa jukwaani kwamba umeanza kazi ya rubani msaidizi hivi karibuni, kwamba una video uliyoirekodi ndege ikishuka kwenda kutua na unataka kuiweka mtandaoni mwishoni mwa wiki, kisha ukauliza kama ni adabu kuvaa sare kwenye harusi ya ndugu, namna ya kumwita kapteni aliye mdogo wako kwa umri, na namna ya kuwajibu abiria wanaotaka kupiga picha nawe mlangoni. Naanza na video, kwa sababu hayo mengine sijaona yakimfukuzisha mtu kazi, na hiyo ilinifukuzisha mimi.

Nilikuwa kiti cha kulia, cha rubani msaidizi, jioni, anga safi, jua linazama mbele yetu. Kapteni ndiye aliyekuwa akiirusha ndege, na kazi yangu ilikuwa kushika redio na kufuatilia vipimo. Nilichukua simu nikarekodi kipande kifupi cha ule wekundu na taa za jiji zilizoanza kuwaka, nikaigeuza kidogo ili mistari ya begani, alama ya cheo changu, ionekane, na kapteni akatabasamu kwa kuwa alikuwa mtu mwema na sikumpa nafasi ya kukataa. Katika sekunde hizo hizo mwongoza ndege, anayetuelekeza kwa redio kutoka ardhini, alitupa mwelekeo mpya. Hatukujibu. Alirudia wito, safari hii kwa ukali, ndipo nikajibu, tukageuka, tukatua salama, na hakuna abiria aliyejua lolote. Usiku ule, nilipokuwa nikiitayarisha video, nilisikiliza muziki nilioupachika juu yake. Sauti ya redio iliyobaki chini ya muziki sikuisikia, nikaiweka video mtandaoni.

Watu wa fani hii hawalitazami jua. Wanatazama skrini ya vipimo, na pembeni mwa picha yangu kimo cha ndege kilisomeka waziwazi: tulikuwa chini ya futi 10,000, mahali ambapo taratibu za kampuni yetu zilikataza shughuli yoyote isiyohusu usalama wa ndege. Niliifuta, lakini nakala zilikuwa zimeshasambaa, na wakuu wangu hawakuhitaji kunihoji sana, kwa sababu walilinganisha video na kumbukumbu za safari wakapata hasa pale ambapo wito wa kwanza ulipita bila jibu. Mimi nilisimamishwa, kisha mkataba wangu haukuongezwa, na hilo nililistahili. Lisilonitoka moyoni hadi leo ni lililompata kapteni. Yeye ndiye kamanda wa ndege, na kila kinachotendeka humo ndani ni dhamana yake; aliondolewa katika kazi ya kufundisha marubani wapya, kazi aliyoipenda kupita kiasi, kwa sababu ya mtu wa kando yake aliyetaka kusifiwa na watu asiowajua.

Usidhani kwamba kanuni hiyo ya chini ya futi 10,000 ilitungwa na watu wa ofisini wasiojua raha ya kuruka. Marekani iliiweka mwaka 1981, na mashirika mengi duniani yana utaratibu wa namna hiyo. Miongoni mwa ajali zilizoileta ni ya Septemba 11, 1974, wakati ndege ya abiria aina ya DC-9 ya shirika la Eastern Airlines iliposhuka katika ukungu kuelekea Charlotte, Marekani, ikaanguka kabla ya kuufikia uwanja, wakafa watu 72 kati ya 82 waliokuwamo. Wachunguzi walipokisikiliza kinasa sauti cha chumba cha marubani, walisikia marubani wakizungumza siasa na magari yaliyotumika huku kimo kikiendelea kupungua. Wale walikuwa wakizungumza tu, macho yao yakiwa huru, na hawakuwa na simu mkononi. Sasa ipime video yako kwa kipimo hicho.

Mchangiaji aliyekujibu kabla yangu anasema kwamba video kama hiyo ni tangazo la bure, na kwamba kampuni hufurahi kimyakimya. Nimesoma sentensi hiyo nikatetemeka, kwa sababu ndiyo niliyoambiwa mimi, karibu neno kwa neno, na rubani mwenye uzoefu mkubwa na wafuasi wengi mtandaoni, aliyekuwa akiwakusanya vijana wapya na kuwafundisha namna ya kujijengea jina. Alituambia kwamba kila mtu anafanya hivyo na kwamba wanaokataza ni wazee wenye wivu. Siku nilipoitwa kujieleza, alifuta picha zake zote za angani, akaacha kupokea simu zangu, na baada ya muda akarudi kuwafundisha wengine yale yale. Nina hasira naye na sioni sababu ya kuificha. Mtu anayekupa ushauri ambao gharama yake utailipa wewe peke yako hastahili kuitwa mwalimu wako, hata kama ana mistari minne ya kapteni begani.

Ubaya wa kujionyesha katika kazi hii ni kwamba humfanya rubani aanze kuirusha ndege kwa ajili ya mtazamaji. Soma taarifa ya uchunguzi wa ajali ya safari ya Pinnacle Airlines 3701 huko Marekani, ya Oktoba 14, 2004. Marubani wawili walikuwa wakiihamisha ndege ya CRJ-200 isiyo na abiria kutoka Little Rock kwenda Minneapolis, wakaamua kuipandisha hadi futi 41,000, kilele kabisa cha uwezo wa ndege ile, na mwongoza ndege alipouliza wakamweleza kwamba hawana abiria, basi wamependa kujifurahisha kidogo. Kasi iliwaishia kule juu, injini zote mbili zikazimika zisiwake tena, nao wakafa karibu na Jefferson City. Wachunguzi walitaja mwenendo wao usio wa kitaalamu kuwa miongoni mwa visababishi. Naamini hakuna aliyewalazimisha. Kilichowavuta ni fahari ya kuweza kusema kwamba walifika huko.

Kwa hiyo shika jambo moja hili, hata ukiyaacha mengine yote niliyoandika: tangu mlango wa ndege unapofungwa hadi injini zinapozimwa, simu yako binafsi izimwe na ikae ndani ya mkoba, si mfukoni wala juu ya paja. Kama picha haiwezi kupigwa ndege ikiwa imeegeshwa, haistahili kupigwa. Usijibebeshe hoja kwamba mlikuwa juu sana na kazi ilikuwa nyepesi. Mwaka 2009 marubani wa safari ya 188 ya shirika la Northwest la Marekani walikuwa kwenye kimo cha safari, wakazama katika kompyuta zao za mkononi, wakaupita uwanja wa Minneapolis kwa takriban kilomita 240 huku waongoza ndege wakiwaita bila kupata jibu. Walinyang'anywa leseni, na mwaka 2014 Marekani ikapiga marufuku matumizi binafsi ya vifaa hivyo katika chumba cha marubani wa mashirika ya ndege.

Kuhusu sare harusini, usiivae. Siku hiyo ni ya maharusi, tena kampuni nyingi haziruhusu sare kuvaliwa nje ya kazi, zaidi pale penye pombe. Ndugu zako wakitaka kukutaja kuwa rubani, watakutaja wenyewe.

Lakini narudi kwenye video, maana umesema kapteni wako anaonekana humo. Usimtumie kwanza rafiki wala usiiweke kwenye kundi la familia, kwa sababu yangu iliendelea kusambaa kwa nakala ambazo sikuzijua. Mpigie kapteni leo hii, kabla mwishoni mwa wiki hakujafika, umweleze kwamba ulirekodi, ni katika kimo gani, na kama redio inasikika, kisha umwachie yeye aamue kama jambo hilo linapaswa kuripotiwa. Atakasirika. Mwache akasirike, umsikilize hadi amalize, na usijitetee.