Usikubali iandikwe kuwa ni utapeli wa pesa tu

Mpwa wangu alipotoroka Myanmar, alikokuwa akishurutishwa kuwaandikia wageni jumbe za kuwalaghai mitandaoni, tulikwenda naye kituo kimoja cha polisi hapa Mombasa, na afisa akaandika kwamba kijana alitapeliwa nauli na wakala. Niliridhika, nikachukua nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na kuondoka, na hilo ni kosa langu mwenyewe.

Jina la kosa ndilo linaloamua uzito wa kesi. Katika Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kujipatia pesa kwa udanganyifu kifungo chake hakizidi miaka 3, na kesi za namna hiyo aghalabu huishia kwa mshtakiwa kurudisha pesa na watu kupeana mikono. Sheria ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2010 inataka kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili, na inamshika hata aliyefanya kazi ya kuandikisha watu tu bila kuvuka mpaka. Kwa hiyo hakikisha taarifa inataja aliyemshawishi mhusika, uongo aliomwambia na kazi aliyotumikishwa, kisha uombe jalada lifikishwe kwa kitengo cha DCI (Idara ya Upelelezi wa Jinai) kinachoshughulikia usafirishaji haramu wa binadamu.

Mpwa wangu aliona haya kusema, kwa kuwa mkataba aliutia sahihi mwenyewe na jumbe zile alizituma kwa vidole vyake. Sheria hiyohiyo inasema ridhaa iliyopatikana kwa hila si kitu, na kwamba mwathiriwa hashtakiwi kwa uhalifu uliotokana moja kwa moja na kusafirishwa kwake. Laiti tungelijua mapema. Alikuwa ameshafuta mazungumzo yote kwenye simu kwa hofu.

Ushahidi ulioko nje huombwa kupitia ofisi ya Mwanasheria Mkuu, chini ya sheria ya mwaka 2011 ya kusaidiana kisheria na mataifa mengine, na safari hiyo ni ndefu, ndiyo maana ulicho nacho nyumbani kina thamani kubwa. Sisi tulibakiwa na jumbe za M-Pesa na pasipoti. Mpelelezi aliifunua taratibu, akaweka kidole kwenye muhuri wa kuingia Bangkok, akatafuta wa kutoka Thailand na wa kuingia Myanmar, asiuone hata mmoja, dalili kwamba alivushwa mpaka kwa siri, kisha akaomba karatasi mpya ya taarifa.