Kuhusu kuweka maarifa na maadili kwenye msingi mmoja wa kisayansi

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: unataka maarifa yako yote, pamoja na maadili, yasimame juu ya msingi mmoja wa kisayansi, lakini unahofu kwamba ukiyaacha uliyolelewa nayo utabaki bila dira. Nami nilipitia njia hiyo, na kosa langu lilikuwa haraka.

Anza na madai yanayopimika, kama vile ya tiba au umri wa dunia (takriban miaka bilioni 4.5), ukijiuliza kila mara ni ushahidi gani ungekufanya ubadili msimamo. Maadili yasubiri, kwa kuwa hapo ndipo penye ugumu: mwanafalsafa wa Uskoti David Hume alidokeza mwaka 1740 kwamba jinsi mambo yalivyo, peke yake, haituambii jinsi yanavyopaswa kuwa. Sayansi itakueleza namna kipigo kinavyomdhuru mtoto. Kwamba kumdhuru ni vibaya, hilo unalileta wewe mwenyewe, na sioni aibu kulikiri. Jihadhari pia na wanaozivalisha chuki zao joho la sayansi.

Usikatane na jamaa zako kwa sababu ya mjadala. Ukianza kukosa usingizi au kuona maisha hayana maana, mwone mwanasaikolojia mapema.