Jibu: UDSM au UDOM kwa Sayansi ya Kompyuta?

Habari mkuu. Kama nimekupata vizuri, mdogo wako kachaguliwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam (UDSM) na Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), anatakiwa athibitishe kimoja, na nyumbani wanashikilia jina la Mlimani, yaani UDSM.

Anza na malazi. Nilisoma UDSM, na kitanda kilinisumbua kuliko mitihani. Kompyuta husomwa kampasi ya Kijitonyama. Akikosa hosteli atapanga mtaani, na boom (pesa ya kujikimu ya mkopo wa chuo) litaishia kwenye kodi na nauli semesta ikiwa bado mbichi. UDOM, iliyoanza 2007, ina mabweni mengi ndani ya eneo la chuo.

Jina lina uzito, sikatai. UDSM ipo tangu 1961 na wahitimu wake wamejaa maofisini. Ila kwenye usaili wa kazi za programu niliosimamia, tulifungua kwanza kazi ambazo mtu ameshatengeneza. Kwa nafasi za field (mafunzo kwa vitendo), Dar kampuni ni nyingi, na hapo UDSM inashinda kweli.

Mkiwa na ndugu Dar wa kumpokea, aende UDSM. Kama hamna, mimi ningemwambia athibitishe UDOM. Walimu wa huko siwasemei, sijasoma kwao. Mtafute mwanafunzi wa mwaka wa 3 umuulize kabla dirisha la kuthibitisha halijafungwa.