Doa la unyayoni kwanza, vya usoni baadaye

Swali: Daktari, shikamoo. Nina miaka 43, naishi Tanga. Nina vidoa vyeusi vilivyoinuka mashavuni na chini ya macho, na kila mwaka vinaongezeka. Mama naye anavyo. Kuna saluni wanavichoma kwa dawa ya maji, vinadondoka baada ya siku chache. Je, ni salama? Halafu nina doa jingine bapa unyayo wa kulia. Nilidhani ni hina iliyobaki, lakini hina imefifia mara mbili na lenyewe lipo. Haliumi.

Jibu: Marahaba, dada. Unyayo umeutaja mwishoni kama jambo la kupita, lakini mimi ndio ulionishtua. Ngoja nimalize ya uso haraka.

Kwa ulivyoeleza, hivyo vya mashavuni vinafanana na vile vinavyowatoka watu weusi wengi, wanawake zaidi, na hurithiwa. Ndiyo maana mama anavyo. Havigeuki saratani, kwa hiyo kuvitoa ni urembo tu. Dawa ya saluni mara nyingi ni asidi, na asidi haijui ikomee wapi: inakula kidoa, inakula na ngozi ya jirani, unabaki na baka jeupe au jeusi kuliko la mwanzo. Daktari wa ngozi hupaka ganzi, kisha huvichoma kidogo kidogo kwa umeme. Mwombe aanze na viwili vitatu vya karibu na sikio, muone vinavyopona. Na kama kwenu kuna watu wenye makovu ya kuvimba, mwambie kabla hajagusa kitu.

Sasa unyayo. Tumezoea kusema saratani ya ngozi ni ya Wazungu na ya ndugu zetu wenye ualbino. Zile zinazoletwa na jua, kwa kiasi kikubwa ni kweli. Ila ipo melanoma, saratani ya chembe zinazotengeneza rangi ya ngozi. Hii kwetu ni adimu, lakini ikimpata mtu mweusi mara nyingi huanzia unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, na jua halihusiki. Bob Marley aligunduliwa nayo mwaka 1977 kwenye kidole gumba cha mguu. Alifariki 1981, ana miaka 36.

Sisemi kwamba unayo. Madoa mengi ya unyayoni hayana neno, na mengine ni damu tu iliyovilia kwa kubanwa na kiatu, ambayo husogea na kuisha baada ya wiki kadhaa. La kwako limepita hina mbili. Lipime kwa rula. Likizidi milimita 7, karibu unene wa penseli, au likiwa linatanuka, kingo zimechongokachongoka, rangi haifanani kote, au linatoa damu, usingoje liume. Maumivu huchelewa sana kwenye ugonjwa huu. Nimewahi kumpokea mzee aliyekuwa akilikwangua la kwake kwa wembe karibu mwaka mzima, akiamini ni mwiba uliozama. Alipofika kwetu, mtoki ulikuwa umeshavimba kwenye kinena.

Anzia hospitali ya Bombo. Kama siku hiyo hakuna daktari wa ngozi, omba rufaa ya KCMC Moshi au Muhimbili. Ataliangalia kwa dermaskopu, kioo kidogo cha mkononi chenye taa kinachokuza. Unyayo una mistari kama ile ya alama za vidole: matuta na mifereji. Rangi ikiwa imelala mferejini, kwa kawaida tunapumua. Ikiwa imepanda juu ya matuta, tunakata.

Kukata kwenyewe ni sindano ya ganzi (ya unyayoni inauma, sikufichi) na nyuzi chache. Hapa uwe mkali kidogo: kinyama kilichotolewa lazima kiende maabara, na majibu uyafuate mwenyewe. Kama ni melanoma, tunachotaka kujua ni imezama milimita ngapi. Isiyofika milimita 1 mara nyingi huishia kwenye kisu tu. Ndiyo sababu nyingine ya kuichukia asidi: ikishaunguza, hakuna cha kupima.

Kidonda cha mguu hushonwa na kuachwa na nyuzi wiki mbili hivi, kwa sababu unakikanyagia. Kiweke kikavu siku ya kwanza, kisha osha kwa maji na sabuni, paka vaselini, funga. Usitie spiriti wala unga wa dawa ya kienyeji.

Ukiwa huko mwonyeshe na kucha zote, bila rangi. Mistari myeusi kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu. Mmoja peke yake unaonenepa, au unaomwaga weusi kwenye ngozi ya shina la ukucha, si wa kuuacha.

Na kama kuna harusi wiki hii, hina ipake mikononi tu. Miguu niachie hivyo hivyo mpaka utoke Bombo.