Sungura wa Angora na joto letu la Mombasa: maswali yenu

Mwezi huu barua za sungura zimekuwa nyingi, tena za sungura wa manyoya sio wa nyama, kwa hivyo nimezikusanya nizijibu pamoja. Ya kwanza ntaijibu kwa urefu manake ina haraka.

Shangazi shikamoo. Mimi niko Kisauni, shemeji yangu kaniletea sungura wawili wa Angora kutoka bara, dume na jike. Ni wazuri ajabu, wamevimba utadhani mto wa sufi. Shida ni kwamba tangu wiki jana dume yuwahema mbio mbio, masikio moto, chakula hagusi. Nimemuweka uani chini ya mabati, kivuli anacho. Ni mgonjwa ama ni joto? Na hayo manyoya nikate lini, naogopa kumuumiza. Mama Watatu, Kisauni.

Marhaba mwanangu. Ni joto hilo, na kivuli cha mabati si kivuli, ni jiko. Sungura hatoi jasho kama sisi, joto lake hutokea masikioni na kwa kuhema, na raha yake ni kwenye nyuzi 15 mpaka 21 hivi, sasa hapa kwetu wakati wa kaskazi mchana tunapita 30 na unyevu juu yake, na huyo wako kavaa koti ambalo hawezi kulivua. Mtoe hapo leo. Mlaze ndani kwenye sakafu ya simiti au vigae, mpanguse masikio na kitambaa kilicholowa maji ya kawaida, sio ya barafu, na usije ukamtia kwenye beseni, mshtuko peke yake waweza kumuua. Maji ya kunywa yawe karibu na mdomo wake. Ukiona anatoa udenda au miguu imelegea usingoje kesho, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na hata akitulia, sungura asiyekula siku nzima ni wa kukimbiziwa daktari, tumbo lake halitakiwi kusimama.

Nakwambia hivi kwa sababu yalinipata. Mwaka mmoja, Februari, nilikuwa na jike ana manyoya ya miezi mitano, kuna mteja alitaka nyuzi ndefu nikasema acha nimngoje wiki moja zaidi. Nikaenda Marikiti asubuhi, narudi adhuhuri namkuta kalala ubavu, kidevu kimelowa, macho yanitazama tu. Nilimpepea mpaka alasiri na hakufika magharibi. Yale manyoya sikuyauza, sikuweza. Tangu hapo kwangu miezi mitatu ikifika nakata, mteja atake asitake.

Kwa hivyo jibu la manyoya ni hilo: akishapoa akaanza kula, kata, na urudie kila siku 90 hivi, kaskazi hata mapema kidogo. Fanya jioni upepo ukianza kuvuma. Tandika leso kuukuu juu ya meza, mchane kwanza, halafu gawanya manyoya katikati ya mgongo ukate mstari mmoja mmoja ukishuka ubavuni, bakisha kama nusu inchi. Ngozi yake ni nyembamba kama ganda la kitunguu na hapo ndipo watu hukosea, wanayavuta manyoya juu, ngozi inainuka nayo, makasi yanakata vyote. Usivute. Lalisha ngozi kwa vidole vya mkono wa kushoto ikae bapa ndipo ukate. Kwa jike tafuta matiti kwa kidole kabla ya kupitisha makasi tumboni, hayaonekani kabisa kwenye manyoya.

Banda lihamishie penye mti, uezeke makuti, pande mbili ziwe wavu upepo wa bahari upite, sakafu iwe ya wavu pia mkojo usimkalie, lakini mwekee na kipande cha ubao cha kukalia nyayo zisichubuke. Chupa za maji zilizoganda kwenye friza ni dawa nzuri, mwekee moja saa tano asubuhi utaona anaiegemea mwenyewe. Usitegemee feni tu, stima zetu unazijua.

Chakula, nyasi kavu ndio msingi, boma rhodes ikipatikana, iwepo saa zote. Anajilamba huyu na manyoya anayameza, na sungura hawezi kutapika, yakijikunja tumboni yamekwama, nyasi ndio huyasukuma. Peleti kidogo, majani ya viazi vitamu sawa ukishayaacha yanyauke, kisamvu kibichi hapana, kina sumu.

Kuhusu watoto, usimpandishe dume sasa, joto humharibia mbegu kwa wiki kadhaa hata akionekana mzima. Ngoja kusi iingie, Juni mpaka Agosti, mimba ni siku 31 tu. Na ukiona wewe mwenyewe unashinda kazini na nyumbani hakuna mtu wa kuwatazama mchana, nakuomba sana uwapeleke kwa ndugu aliye Wundanyi kule milima ya Taita ambako usiku watu hujifunika blanketi. Sio kwamba umeshindwa, ni kuwahurumia.

Mimi nauliza tu, Angora ndio hiyo mohair? Na ni kweli wananyonyolewa wakiwa hai mpaka wanapiga kelele? Msomaji, Likoni.

Mohair ni ya mbuzi wa Angora, ya sungura huitwa angora yenyewe, wote jina wamelitoa Ankara ya Uturuki ambayo zamani Wazungu waliita Angora. La pili ni kweli lilitokea, mwisho wa 2013 zilitoka video za mashamba ya Uchina, sungura wananyofolewa manyoya wakilia, na maduka makubwa ya Ulaya kama H&M yakaacha kuuza angora. Kilio cha sungura ukikisikia hukisahau. Ila hakuna haja kabisa ya ukatili ule. Angora wana aina zao, wale wa Kijerumani hawapukutishi wenyewe, hao ni makasi tu, na akitunzwa vizuri mmoja hupita kilo 1 kwa mwaka. Wa Kiingereza na Kifaransa wakifika wakati wao manyoya yanaachia yenyewe, unayachukua kwa kuchana na hata hashtuki. Ukisikia yanashikilia acha, wakati bado.

Bibi yangu hapa Mji wa Kale ni fundi wa kofia za kushona mkono, sasa nimepata mfuko wa manyoya ya Angora anauliza yatafaa kofia? Na tunasokotaje? Binti wa Mji wa Kale.

Mwambie bibi shikamoo yake, na kofia hapana mwanangu, nyuzi zake zina uwazi ndani zinashika joto kushinda sufu ya kondoo, mtu atavaa kofia hiyo Ijumaa msikitini atatoka kalowa. Hizi ni za soksi za mtoto mchanga, shali, vitambaa vya shingo vya kuuzia watu wa Limuru na Nyahururu.

Msiyaoshe kwanza, hayana mafuta kama ya kondoo, yakilowa na kusuguliwa yanagandana na huwezi tena kuyachambua. Yapange, marefu na safi ya mgongoni peke yake, mafupi ya shingoni peke yake, ya tumboni yaliyofungana yatafaa kujazia. Kwa kuanza changanyeni sehemu 3 za angora na 7 za sufu ya kondoo, peke yake inateleza sana kwenye vidole na pia haivutiki, nguo inalegea. Sokoteni kwa kukaza kuliko mlivyozoea, uzi unaonekana mwembamba na mkavu ukajuta, halafu ukishafumwa na kuvaliwa ule ukungu wa manyoya unajitokeza wenyewe. Hapa unyevu wetu unasaidia, penye hewa kavu manyoya haya hupata umeme yakaruka na kung'ang'ania nguo.

Hifadhini kwenye boksi la karatasi bila kushindilia, na majani makavu ya mwarobaini dhidi ya nondo, sio mfuko wa nailoni uliofungwa, yataota ukungu. Na mkikaa kusokota zimeni feni, bibi akiwa na pumu ajifunge kitambaa puani.