Kabla Hujabadilisha Anwani: Kwa Vijana Wapya wa Ramani ya Madiko

Wadogo zangu,

Jumatatu asubuhi mwalimu mmoja wa Msambweni alinitumia ujumbe. Kiungo cha tovuti yetu alichowapa wanafunzi wake, cha diko la Gazi (diko ni pale wavuvi wanaposhusha samaki), hakifunguki. Nikajaribu, kweli, 404, yaani ukurasa haupatikani. Nikapekua mabadiliko ya wiki, nikakuta mmoja wenu ameiona anwani ya "/diko/gazi" fupi mno, akaigeuza kuwa "/kwale/pwani-ya-kusini/gazi". Nia njema, na mpangilio wenyewe unapendeza, lakini hakuacha 301 hata moja, lile agizo la kumpeleka mwenye anwani ya zamani kwenye mpya. Jumanne mwenziwe akafanya vivyo hivyo kwa Mtwapa. Jana wa tatu amekwisha anza kuihamisha Kilifi nzima.

Nimekusimamisha wewe wa Kilifi, samahani kwa kukukatiza. Nimeketi niandike mambo ambayo nilipaswa kuwaambia siku ya kwanza, badala ya kuwapa neno la siri la seva na chai.

1. Anwani ukishaitoa, si yako tena.

Hili nalianza kwa sababu limeniumiza kuliko yote, na nitalieleza kirefu.

Tovuti yetu ilipoanza, kila diko lilikuwa na namba. Ukurasa wa 17 diko fulani, wa 18 jirani yake, hivyo hivyo kutoka Vanga hadi Kilifi. Anwani zilikuwa mbaya kuziangalia, zimejaa alama za kuuliza na za kulinganisha. Lakini watu walizizoea. Zilikuwa kwenye makundi ya WhatsApp ya BMU, zile kamati za wavuvi za kusimamia madiko. Zilikuwa kwenye daftari za walimu. Katika madiko sita tulichanga pesa, fundi wa maandishi akazichora kwa rangi ya mafuta kwenye vibao vya bati, herufi moja moja, chini ya jina la diko.

Mwezi mmoja wa Ramadhani nikaamua kuzisafisha. Baada ya taraweh nikaketi na kompyuta, nikatunga anwani mpya za majina badala ya namba. Halafu nikaona zile namba zimebaki bila kazi, na orodha ina mapengo kwa sababu ya madiko tuliyoyafuta. Nikazipanga upya, moja hadi mwisho, bila pengo, nikazitumia kwa kurasa mpya za ramani: ule ukurasa unaofungua ramani moja kwa moja, na nukta ya mlango wa mwamba, pale chombo kinapopita kuingia ndani. Kabla ya daku nilikuwa nimemaliza. Nikaanzia ukurasa wa mwanzo, nikabonyeza kila kiungo. Vyote vilifunguka. Nikalala nikiwa nimeridhika kabisa.

Bila shaka vilifunguka. Viungo vya ndani vinatoka kwenye database, hifadhi ya data ya tovuti, ile ile niliyoibadilisha. Nilikuwa nikiiuliza tovuti kama inajijua yenyewe. Watu wa nje, wenye anwani za zamani mikononi, sikuwauliza.

Kama zile anwani zingekufa tu, madhara yangekuwa kero. Mtu anaona 404, ananipigia simu, ananilaumu, natengeneza. Zangu hazikufa. Namba 18 ya zamani sasa ilifungua diko la tatu kutoka pale. Na hapa ndipo nataka msome polepole: logi, yaani kumbukumbu ya seva ya kila ukurasa ulioombwa, ilikuwa safi. Kila ombi lilijibiwa 200, yaani ukurasa umepatikana. Nilikuwa nikiikagua kila asubuhi kutafuta 404, sioni kitu, namshukuru Mungu kwa kazi nzuri.

Baada ya Idi, wiki ya bamvua, kijana mmoja alikuwa akileta mashua ya ami yake kutoka kusini kuja diko ambalo hakulizoea. Ami alikuwa amemtumia kiungo chetu miezi kadhaa nyuma: "Ukifika usiku, mlango wa mwamba uko hapa." Saa mbili unusu usiku kijana akafungua kiungo. Ramani ikafunguka, nukta ikaonekana. Jina la diko lilikuwa juu, kwa herufi ndogo nilizozichagua mimi kwa kupenda urembo, na kioo cha simu kilikuwa kimerowa maji ya chumvi. Akaifuata nukta. Ilikuwa mlango wa jirani, kilomita kama tatu kutoka pale alipotakiwa kupita. Alipogundua kuwa ufuo anaouona sio, akageuza kurudi akiambaa mwamba, na maji yanatoka. Mnajua bamvua ya kwetu, tofauti ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3. Mashua ikakaa juu ya mwamba. Walikuwa watu watano. Walikaa pale, mashua imelala ubavu, mpaka maji yaliporudi na kuwanyanyua, saa saba ya usiku imekwisha pita. Hakuumia mtu. Mbao mbili karibu na mkuku zilipasuka.

Ami mwenyewe alikuja ofisini, pale juu karibu na Ngomeni (Ngome ya Yesu, Mombasa), akapanda ngazi zile nyembamba na magoti yake. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi. Hakupaza sauti. Akatoa simu, akanifungulia ule ujumbe wa zamani, akabonyeza kiungo mbele yangu.

"Mwanangu," akaniuliza, "hiki hukunipa wewe?"

"Nilikupa mimi, ami."

"Mbona sasa kinasema jengine?"

Sikuwa na jibu ambalo lingemfaa. Ningemweleza habari za database angenisikiliza kwa adabu, na mashua yake ingebaki na mbao zilizopasuka. Alinipa imani yake, akampa mwana wa nduguye, nami katikati ya usiku nikabadilisha maana ya maneno niliyokwisha kuyatoa, bila kumwambia mtu yeyote. Kwetu kitu ulichopewa ukitunze kwa niaba ya mwenyewe kinaitwa amana. Tangu siku hiyo naiona anwani ya ukurasa hivyo.

Nilikwenda naye kwa fundi wa vyombo. Nilikaa siku mbili nikitazama fundi akibandua, akipachika, akitia kalafati. Mbao nililipa mimi. Usiku nikarudi kwenye nakala ya zamani ya database, nikaandika kwa mkono jedwali la namba zote, ya zamani kushoto, mpya kulia. Kila moja ikapata 301 yake. Madiko yaliyofutwa yakapata 410, yaani ukurasa umeondolewa kabisa, na sentensi inayosema diko hili halitumiki tena, na kwa nini. Na namba iliyostaafu haipewi ukurasa mwingine, hata pengo likitia uchungu macho.

Nilikuwa nimesoma zamani yale aliyoandika Tim Berners-Lee, mwasisi wa wavuti, mwaka 1998, kwamba anwani iliyotungwa vizuri haibadiliki. Nilikubaliana naye. Kukubaliana hakukunizuia.

Kwa hiyo: unataka kubadilisha anwani? Njoo tuzungumze. Jedwali la 301 kwanza, mabadiliko baadaye. Na ujaribu kwa viungo vya zamani kutoka kwenye simu ya mtu mwingine.

2. Latitudo, longitudo, na ile alama ya kutoa.

Leaflet, programu inayoonyesha ramani kwenye tovuti yetu, inataka latitudo kwanza. GeoJSON, muundo wa faili za data za ramani, inataka longitudo kwanza. Hamtazoea kwa kukariri, mtazoea kwa kutazama nukta ilikoangukia. Ngomeni ni takriban -4.06, 39.68. Ukizigeuza, ngome yetu inahamia Hispania, kusini kidogo ya Toledo. Ukisahau alama ya kutoa, iko kusini mwa Ethiopia, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Yule aliyepeleka diko la Mtongwe Hispania wiki iliyopita, nilicheka hadi machozi, na nakupenda bado. Kila nukta mpya, vuta ramani nje uone bara lote kabla hujahifadhi.

3. Usiunganishe kwa namba ya nodi.

Naona mnaweka viungo vinavyokwenda moja kwa moja kwenye nodi, yaani nukta moja iliyochorwa, ya OpenStreetMap, ile ramani huria inayochorwa na watu wa kujitolea. Ile namba ni ya kitu kilichochorwa, haina ahadi na mahali penyewe. Mchangiaji mwingine akija kesho, akafuta nukta na kulichora soko la samaki kama jengo, namba imekwenda. Hajakosea, ndivyo ramani inavyoboreshwa. Weka kiungo cha latitudo, longitudo na kiwango cha ukuzaji, na jina lihifadhiwe kwetu.

4. Vigae.

Vigae ni vile vipande vya picha vinavyounganishwa kuwa ramani. Vya seva ya OpenStreetMap havilipiwi na mtazamaji, lakini seva inaendeshwa kwa michango. Usipakue kwa wingi, usifiche jina la wachangiaji pembeni mwa ramani. Leseni ya ODbL, ambayo OpenStreetMap imeitumia tangu 2012, inatudai hilo, na hata isingedai ni adabu. Mmoja wenu aliliondoa kwa sababu linaziba kisiwa cha Chale. Sogeza Chale.

Anwani ya vigae ikae kwenye faili moja tu ya usanidi. Mwaka 2016 kampuni ya ramani ya MapQuest walifunga vigae vyao vilivyokuwa wazi, na tovuti nyingi zikaamka na ramani ya kijivu. Katikati ya 2018 Google wakaanza kudai ufunguo na akaunti yenye kadi ya malipo kwa ramani zinazopachikwa kwenye tovuti. Desemba 2019 wakafunga Fusion Tables, huduma yao ya majedwali ya data, ambayo watu wadogo kama sisi waliitegemea kwa ramani za orodha. Kampuni ina haki ya kufunga duka lake. Sisi tunatakiwa tuweze kuhama kwa kubadilisha mstari mmoja.

5. Majina.

Msinakili jina kutoka ramani ya Google kulitia OpenStreetMap. Leseni hairuhusu, na mara nyingi jina lenyewe ni la hoteli. Nendeni mkaulize. Kijana mmoja aliniletea ufuo mzima wenye jina la hoteli, akaniapia ndivyo unavyoitwa. Tukaenda pamoja, tukamkuta mama anayekaanga samaki, akatupa majina matatu: la ufuo, la mwamba, na la ule mti wa mbuyu ambao manahodha huutumia kama alama. Ramani tupu hujazwa na wenyeji. Kibera haikuwa na kitu kwenye ramani mpaka 2009, vijana wa pale walipoanza kuichora wenyewe kupitia Map Kibera. Sisi bado tuna miamba mingi isiyo na jina, na wazee wanaoyajua majina hayo hawatusubiri.

Yule mama, kwa njia, alitudai tununue samaki kwanza. Alikuwa na haki, na samaki alikuwa mtamu.

6. Viungo vya nje.

Kagua kila mwezi. Programu ya kukagua itakukamatia 404, haitakukamatia ukurasa unaojibu 200 huku ukisema "habari hii haipo", wala kikoa (jina la tovuti) kilichokwisha muda kikanunuliwa na wacheza kamari. Hivyo viwili vinataka macho. Tulikuwa na kiungo cha jedwali la maji kujaa na kupwa kwenye tovuti ya ofisi moja, wakatengeneza tovuti mpya nzuri, jedwali likapotea. Siku ile ile unapoweka kiungo, hifadhi nakala yake kwenye Wayback Machine, ile hazina ya mtandaoni ya kurasa za zamani, na uandike tarehe.

7. Vifupisho vya viungo: hapana. Google wenyewe waliacha kutengeneza vipya vya goo.gl, huduma yao ya kufupisha viungo, mwaka 2019. Anwani ndefu inayojulikana mwenyewe ni bora kuliko fupi iliyo mkononi mwa mtu mwingine.

8. Kikoa kinalipwa miezi miwili kabla. Tarehe imeandikwa ukutani, kando ya swichi.

Sasa kazi iliyo mbele yetu. Wa Gazi, rudisha anwani ya zamani leo, umwandikie mwalimu mwenyewe, kwa jina lako, umwombe radhi. Atakujibu vizuri, namjua. Wa Mtwapa, njoo na jedwali lako, tulipitie pamoja. Wa Kilifi, mpangilio wako wa kaunti ni mzuri kuliko niliokuwa nao, na nataka tuutumie, ila tuhesabu kwanza ni viungo vingapi viko nje.

Jumamosi ni bamvua, maji yatakupwa saa nne na kitu asubuhi. Tunakwenda kwenye vile vibao sita vya bati. Namba za zamani bado zimeandikwa pale, rangi imeanza kubanduka, na nataka kila mmoja wenu afungue anwani ya kibao kwa simu yake akiwa amesimama mbele yake. Ami atakuwepo kwenye kibao cha nne. Mwamkieni vizuri, na mkija njooni na viatu vya kukanyagia mwamba.