Mlango Ulionikosesha Kazi Ndio Ulionipatia Kazi

Nilipoomba kazi ya usanii wa michezo ya kompyuta kwa mara ya kwanza, potifolio yangu, yaani mkusanyo wa kazi za kuwaonyesha waajiri, ilikuwa na kazi 31. Nilikuwa nimeweka kila nilichowahi kukitengeneza tangu nianze kujifunza Blender, programu ya kuundia maumbo ya 3D: mapanga, pikipiki ambayo haikuisha, nyuso nilizochora kwa penseli nikiwa sekondari, hata nembo ya duka la shemeji yangu. Niliamini kwamba wingi ungeonyesha bidii. Studio mbili hazikunijibu, hadi msanii mmoja mkongwe aliponionea huruma na kukubali kuipitia potifolio hiyo mbele yangu. Aliitazama kwenye simu kwa muda usiofika dakika moja, kisha akaniuliza: "Unataka uajiriwe ufanye nini?" Sikuwa na jibu.

Ningependa ulijibu swali hilo kabla hujatengeneza chochote. Studio huajiri mtu wa kuziba pengo fulani, awe wa kuunda wahusika, mazingira, vifaa vidogo kama viti na mapipa, au moshi na moto. Studio ndogo humtaka anayeweza mawili matatu kwa pamoja, lakini hata huko utapimwa kwanza kwa lile unalolimudu zaidi. Mimi nilichagua mazingira, nikafuta kazi 26, na iliniuma. Anayekagua huitazama sana kazi iliyo dhaifu kuliko zote, kwa kuwa ndiyo inayomwonyesha jicho lako linakomea wapi. Akiikuta pikipiki mbovu katikati ya kazi nzuri, anajua kwamba hukuuona ubovu wake.

Miongoni mwa tano zilizobaki ulikuwepo mlango wa Kizanzibari niliojivunia mno. Nilikuwa nimechonga nakshi zote, mfaa, yaani ule ubao wa katikati, na vitufe vya shaba, kila kimoja kikiwa umbo kamili, na mlango mzima ulikuwa na pembetatu, vile vipande vidogo vinavyounganishwa kuunda umbo kwenye kompyuta, zaidi ya milioni mbili. Kwa picha ya kutundika ukutani hilo si tatizo. Lakini mchezo unaochora picha 60 kwa sekunde huiachia kompyuta takriban milisekunde 16 tu za kuandaa kila picha, na katika muda huo haichori mlango peke yake, bali mtaa mzima pamoja na watu na mwanga wake. Mkongwe wangu alisema mlango ni mzuri, ila hauingii kwenye mchezo.

Nilirudi nikaujenga upya. Ule mzito niliufanya kielelezo, nikaunda wa pili wenye pembetatu elfu nne na ushei, kisha nikahamishia nakshi za ule wa kwanza kwenye picha maalumu ya pikseli 2048 kwa 2048, ambayo huufanya mwanga uuangukie uso ulio bapa kana kwamba umechongwa. Vitufe vya shaba niliviacha viwe maumbo halisi, kwa sababu mchezaji anapopita karibu huviona kwa ubavu, na hapo ujanja wa picha hushindwa. Kazi iliyonichukua muda mrefu zaidi ilikuwa uchakavu: mbao zilizopauka upande wa chini zinakorushiwa maji ya mvua, na weusi wa mikono kuzunguka komeo. Hatimaye niliuingiza katika Unreal Engine, programu ya kutengenezea michezo ambayo anayejifunza huitumia bila malipo, nikaupachika kwenye ukuta wa chokaa chini ya jua la saa kumi alasiri.

Kwenye ukurasa wake katika potifolio niliweka kwanza mlango ukiwa ndani ya mchezo, kisha wavu wa pembetatu ukiwa mtupu bila rangi, kisha picha ya umbo lilivyokunjuliwa bapa ili lipakwe rangi, pamoja na idadi ya pembetatu, programu nilizotumia, na picha za milango halisi nilizopiga Mji Mkongwe. Katika usaili uliofuata hawakuusifia uzuri wa mlango hata kidogo. Waliufungua ule wavu na kuniuliza kwa nini nimetumia pembetatu nyingi kwenye vitufe na chache kwenye mfaa, nami nilikuwa na jibu.

Mengine ni madogo, ingawa yamewakosesha watu kazi. Ikiwa kazi ilifanywa na kundi, andika waziwazi sehemu iliyo yako. Kazi ya mwajiri ambayo bado ni siri usiionyeshe, hata kama ndiyo bora kuliko zote ulizo nazo. Hakikisha kiungo cha potifolio kinafunguka kwenye simu bila nenosiri, na anwani ya barua pepe iwe inafanya kazi; mimi niliwahi kuacha ya chuo miezi kadhaa baada ya kufungwa, na hadi leo sijui nani aliniandikia.

Niliajiriwa nikiwa na kazi nne, kwa kuwa kabla ya usaili niliifuta moja zaidi. Pikipiki bado ninayo kwenye diski, na gurudumu lake la nyuma halijawa duara.